Kabla hujanunua busta, hamisha ruta

Nimezoea kukuandikia habari za mbegu, mbolea na dawa. Leo nakuandikia habari za waifai, na ngoja kwanza nikueleze kwa nini bwana shamba anajiingiza kwenye mambo ya mafundi.

Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu inapita kwenye simu. Mkulima anaona doa kwenye jani, anapiga picha, ananitumia, nami namjibu. Kata yangu ina vitongoji ambavyo siwezi kuvizungukia vyote kwa wiki moja, pikipiki iwe nzima au mbovu. Lakini picha moja ni nadra kutosha. Nikiona jani la nyanya lenye mabaka ya kahawia lazima niulize: geuza jani nione chini, kuna ukungu mweupe pembeni mwa baka? Inua jani juani, unaona vijia vyeupe ndani yake kama vile kuna kitu kimetambaa humo? Majibu hayo ndiyo yanayotenganisha bakajani chelewa na kantangaze, na dawa ya ukungu haiui kiwavi. Maswali haya yanajibika mkulima akiwa amesimama mbele ya mmea. Akiwa sebuleni hana la kuniambia.

Masika yaliyopita, mama mmoja ninayemhudumia alikuwa na nyanya kwenye bustani ya chini, ng'ambo ya migomba yake. Alipiga picha saa nne asubuhi. Kule bondeni mtandao wa simu haushiki vizuri, na waifai ya nyumbani ilikuwa haifiki, basi picha ikabaki na ile alama ya saa mpaka alipopanda kupika chakula cha mchana. Swali langu la kwanza nilimuuliza saa saba. Akalijibu saa kumi na moja, baada ya kushuka tena na kupanda tena. La pili akalijibu kesho yake. Nyanya zenye bakajani chelewa, kukiwa na ubaridi na mvua za mfululizo, hazina kesho nyingi. Shamba zima linaweza kwisha ndani ya wiki moja au siku kumi. Yeye aliokoa nusu hivi.

Kijana wake aliyeko mjini, aliyemletea ruta hiyo, akasema atamnunulia busta ya kuongeza nguvu. Mama akapiga hesabu akaona bei yake ni ya mbuzi jike mwenye mimba. "Bwana shamba," akaniuliza, "hicho kidude kitanyonyesha?" Nikamwomba wasinunue kitu mpaka tumejaribu kwanza jambo lisilo na gharama, yaani kuhamisha kile walicho nacho.

Ruta ilikuwa wapi? Pale pale inapokaa kwenye nyumba tisa kati ya kumi ninazoingia: sebuleni, ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kusuka. Imewekwa kwa heshima, kama mgeni. Tatizo ni kwamba televisheni ina bati nyuma, kabati lina kioo chenye rangi ya kuakisi, na sebule inatazama barabarani. Bustani iko upande wa pili wa nyumba kabisa.

Kabla hujagusa chochote, jua kwanza shida yako iko wapi. Wewe wa huku kwetu unaujua mfongo. Maji yanatoka kwenye banio kule juu mtoni, yanashuka kwa mfereji mkuu, kisha wewe unayagawa shambani kwa vijifereji. Ruta inayotumia laini ya simu ni hivyo hivyo, ina safari mbili. Ya kwanza ni kutoka mnarani hadi kwenye ruta. Ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu iliyo mkononi mwako. Banio likiwa kavu, hata uchimbe vijifereji mia hupati tone. Kwa hiyo zima data ya simu yako, ibaki waifai peke yake, simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, na ujaribu kutuma picha. Ikikwama hata hapo, shida iko mnarani au bando limeisha, na unayoyasoma hapa chini hayatakusaidia mpaka hilo litatuliwe. Ikienda vizuri hapo ila ikakwama bustanini, endelea kusoma.

Sasa tuzungumzie vinavyokula mawimbi. Vikubwa ni viwili, chuma na maji, na kwenye boma la mkulima vyote viwili vimejaa.

Bati halipitishi. Mawimbi yakigonga bati yanarudi, kama mwanga kwenye kioo. Banda la ng'ombe lililoezuliwa na kuzungushiwa mabati, likiwa katikati ya ruta na bustani, ni ukuta wa giza. Wengi hawaamini kuhusu waya wa banda la kuku, kwa sababu una matundu na unaona upande wa pili. Lakini wimbi la waifai ya kawaida, ile ya gigahezi 2.4, lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na matundu ya waya wa kuku ni sentimita moja mpaka mbili na nusu. Kwa wimbi hilo, waya ule ni kama bati lenye vitundu vidogo, na kinachopenya ni kidogo sana. Wavu wa mbu wa chuma dirishani ndiyo mbaya zaidi. Wa nailoni hauna shida. Kama dirisha lako linalotazama bustani lina wavu wa chuma, tafuta dirisha jingine au badili wavu.

Maji hayarudishi mawimbi kama bati, yanayameza. Tangi la plastiki la lita 1,000 likiwa limejaa ni kizuizi kizito, likiwa tupu karibu halipo. Na mgomba je? Shina la mgomba zaidi ya asilimia 90 ni maji. Ukiwa na kihamba cha migomba ya mshare iliyobanana, umesimamisha matangi madogo mamia kati ya nyumba na bustani yako. Majani yakilowa mvua, inakuwa mbaya zaidi. Ndiyo maana mtu ananiambia waifai yake "ilikuwa inafika kiangazi" halafu analaumu kampuni ya simu.

Nisieleweke vibaya hapa. Usikate majani mabichi ya mgomba ili waifai ipite. Mgomba unapotoa mkungu unahitaji majani mazima yasiyopungua manane hivi ili ndizi zijae, na hakuna picha yenye thamani ya mkungu. Lakini yale majani makavu yanayoning'inia, ondoa. Na machipukizi, punguza ubaki na mama, binti na mjukuu kwenye kila shina, kama ambavyo tumekuwa tukiimba miaka yote. Nimeona kwa macho yangu kwamba kihamba kilichopunguziwa machipukizi kinapitisha mtandao kuliko kichaka. Wapo waliokataa kupunguza kwa ajili ya mavuno wakakubali kwa ajili ya waifai. Mimi sijali sababu.

Kuhusu kuta: ukuta wa tofali za udongo za kuchoma unapunguza lakini unapitisha. Ukuta wa zege lenye nondo unapunguza zaidi. Ila angalia na pembe. Wimbi likiuvuka ukuta moja kwa moja, linapita unene wa tofali moja. Likiuvuka kwa mshazari, ni kama kukata muhogo kwa mshazari, kipande kinakuwa kirefu. Kwa hiyo ruta iliyo kwenye ukuta ule ule unaotazama bustani itafanya kazi kuliko ruta iliyo kona ya mbali, hata kama vizuizi kwa hesabu ni vile vile.

Umbali nao una sheria yake. Mahali peupe, ukizidisha umbali mara mbili, nguvu inayokufikia haibaki nusu, inabaki robo. Kutoka mita 10 kwenda mita 40 umebaki na sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo mita tano unazookoa kwa kuhamisha ruta kutoka sebuleni kwenda chumba cha nyuma zina faida kubwa kuliko unavyodhani, hasa kama njiani umeondoa na kuta mbili.

Basi pale kwa mama tulifanya hivi. Tuliichukua ruta, tukaivusha hadi chumba cha watoto upande wa bustani, tukaiweka kwenye kibao karibu na dirisha, juu kidogo ya kimo cha mtu. Juu ni muhimu, kwa sababu chini kuna vitanda, magunia, watu na mashina ya migomba. Lakini usiipandishe mpaka ikagusa dari chini ya mabati. Kule saa nane mchana ni tanuri, na ruta nyingi za ndani zimetengenezwa kuvumilia joto la nyuzi 40 tu.

Kisha antena. Ruta yake ina vijiti viwili. Watu wengi wanakielekeza kijiti bustanini kama wanaonyesha kidole. Mawimbi hayatoki kwenye ncha. Yanatoka ubavuni, yakizunguka kijiti kama bangili inavyozunguka mkono, na kule nchani yanakuwa hafifu kabisa. Kama bustani yako iko usawa mmoja na nyumba, simamisha vijiti wima. Kama iko chini kwenye mteremko, kama zilivyo nyingi huku kwetu, laza kijiti kimoja kidogo: ncha yake isogee upande wa bustani, ili ile bangili iiname kuelekea bondeni. Kingine kiache wima kwa ajili ya nyumba. Ruta isiyo na vijiti vya nje ina antena ndani, na hiyo isimamishe kama ilivyokusudiwa kusimama. Usiilaze juu ya kabati.

Jambo jingine la kugusa ni jina la mtandao. Ruta nyingi za sasa zinatoa waifai mbili, na moja jina lake linaishia na 5G. Hiyo si 5G ya minara. Ni waifai ya gigahezi 5. Ni ya haraka ukiwa chumba kimoja nayo, lakini inachoka upesi kwenye kuta na majani. Ya bustanini ni ile ya 2.4. Mwambie kijana akuwekee simu yako iunge hiyo.

Baada ya hapo, pima. Na hapa mkulima unayejua kuchukua sampuli za udongo umeshafuzu. Huchukui udongo wa sehemu moja ukasema ndiyo shamba. Unatembea kwa zigizaga, kona hadi kona. Fanya hivyo hivyo na simu. Chora bustani kwenye karatasi, tembea, na kila baada ya hatua kumi simama, geuka mara moja uzunguke ulipo, kisha andika unachoona. Ukiwa na simu ya Android, zipo programu za bure za kupima waifai zinazoonyesha namba yenye alama ya kutoa mbele. Namba ikiwa karibu na sifuri ndiyo nzuri. Kutoa 50 ni nguvu tele. Kutoa 65 unaweza kuongea nami kwa video bila shida. Kutoa 75 ujumbe wa maandishi na picha zinakwenda, ila kwa kusuasua. Ikifika kutoa 85 au 90, hesabu hapana kitu. Na kumbuka kila inaposhuka kwa 10, nguvu imepungua mara kumi, kwa hiyo tofauti ya 65 na 75 si ndogo kama inavyoonekana kwenye karatasi.

Kwanini uzunguke? Kwa sababu mwili wako nao ni maji. Ukiipa nyumba mgongo, wewe mwenyewe umekuwa mgomba.

Kwa mama, pale kwenye tuta la nyanya, tulisoma kutoa 88 kabla ya kuhamisha. Baada ya kuhamisha na kulaza kijiti kimoja, tukasoma kutoa 71. Kona ya mbali, nyuma ya banda la kuku, ilibaki haina kitu, na tukaiacha, kwa sababu kule kuna magimbi tu, na magimbi hayajawahi kunipigia simu. Hili lifikirie na wewe. Huhitaji waifai ijae bustani nzima. Unaihitaji pale penye zao linalougua haraka na pale unapokutana na mnunuzi.

Kuna nyumba ambapo mambo yanakuwa magumu. Dirisha linaloshika mnara vizuri liko upande wa barabarani, na bustani iko nyuma. Ukisogeza ruta bustanini, banio linakauka. Ukiirudisha, kijifereji hakifiki. Ushauri wangu: jaribu kwanza maelewano. Maongezi ya sauti na picha za majani hazihitaji mtandao mwingi kama filamu za vijana. Ukihamisha ruta na alama za mnara zikashuka kutoka nne hadi mbili, huenda bado unatosheka, na watakaolalamika ni wale wa sebuleni. Pima siku mbili kisha uamue.

Maelewano yakishindikana, usikimbilie busta bado. Elewa inavyofanya kazi. Busta ya waifai haizalishi mtandao. Inasikia, kisha inarudia ilichosikia. Ukiiweka bustanini pasipofika kitu, inarudia ukimya. Mahali pake ni katikati ya safari, pale ambapo namba bado ni kutoa 60 au 65. Na zile za bei ndogo zinasikia na kusema kwa masafa yale yale, kwa hiyo kasi inaweza kupungua hadi nusu. Kilicho bora ni waya. Ruta inabaki upande wa mnara, unavuta kebo ya mtandao mpaka upande wa bustani, na huko unafunga ruta ya pili, hata kuukuu ambayo mtu ameitupa droo, ikiwekwa mpangilio wa kutoa waifai tu. Kebo ya namna hiyo inaruhusu hadi mita 100, na hakuna nyumba ya kwetu yenye urefu huo. Fundi anayejua ataimaliza kazi hii kwa nusu siku.

Sasa tahadhari, na naomba uzisome hata kama uliyotangulia umeyaruka. Usitundike ruta ya ndani juu ya mti. Mvua itaiua, na kabla ya mvua, radi. Kama lazima kifaa kiwe nje, nunua kilichotengenezwa kwa ajili ya nje, ukifunge chini ya upenu, na radi zikianza kunguruma chomoa waya wa umeme na kebo. Kwa wanaotumia sola: ruta nyingi zinatumia volti 12, lakini zipo za 9 na za 5, soma kibandiko nyuma. Na hata ya volti 12 usiiunganishe moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu betri ya volti 12 inapochajiwa na jua hupanda kupita 14. Weka kidhibiti cha volti katikati.

Kwako mwenye genge au unayenunua ndizi shambani, neno moja kuhusu malipo. Menyu ile ya kubonyeza nyota haitumii waifai hata kidogo, inapita kwenye mtandao wa simu. Kama mnara haushiki pale unapopimia mikungu, waifai itakusaidia tu ukitumia programu ya malipo inayotumia intaneti, basi iweke kwenye simu kabla ya msimu. Nimeona mzigo ukikaa juani saa nzima kwa sababu hiyo tu, muuzaji hataki kuuachia na mnunuzi fedha anayo. Pia, waifai inayofika bustanini inafika na njiani. Badili nenosiri lililokuja limeandikwa kwenye ruta, na kama wateja wanaomba, washa mtandao wa wageni wenye nenosiri lake, ili wasiingie kwenye huo unaofanyia hesabu zako.

Ile karatasi uliyochora usiitupe. Ya mama ameibandika nyuma ya mlango wa stoo, pamoja na tarehe za kupulizia. Tulipima Februari, migomba ikiwa na majani machache. Aprili, mvua zikiwa zimekolea, akapima mwenyewe na kunitumia namba: pale kwenye nyanya imeshuka hadi kutoa 77. Akasogeza ruta dirisha la pili, linalotazama njia ya kuteremkia ambako hakuna migomba, akapata kutoa 72. Picha aliyonitumia ilikuwa ya jani la nyanya, upande wa chini, sijamwomba.